Chenso iliyoongezwa nguvu inasumbua: soma dalili kabla ya kugusa skrubu

Chenso (msumeno wa injini) ikishafunguliwa ekzosi, ikatolewa gasketi ya chini ya silinda au ikapanuliwa milango ya silinda (matundu yanayopitisha hewa na moshi), inapitisha hewa nyingi kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Kabureta yenyewe inaendelea kutoa mafuta kwa kipimo kilekile mpaka mtu aifungulie. Kwenye injini ya tu-stroki hatari iko hapo, kwa sababu oili inaingia pamoja na petroli: mafuta yakiwa haba, joto linapanda na ulainishaji unapungua kwa wakati mmoja. Pistoni inaweza kukwaruzika ndani ya gogo moja tu, na katika gogo hilo chenso itakuwa inalia kwa ukali wa kupendeza kuliko siku zote.

Kwa hiyo bisibisi ikae pembeni kwanza. Dalili nyingi za tuni mbaya zinafanana na dalili za hewa inayovuja kuingia ndani ya injini. Fundi akifidia uvujaji kwa kufungua skrubu, chenso itafanya kazi kwa muda, kisha ufa utaongezeka na injini itanoki (pistoni itakwaruzika na kukwama) mikononi mwa mteja.

Mafuta haba humu maana yake petroli ni kidogo kulingana na hewa iliyoingia. Mafuta mengi ni kinyume chake.

Vitu vinavyoiga kabureta mbovu

Anza na petroli. Nunua kwenye pampu ya kituo, si ile ya chupa za kando ya barabara. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa ina oktani ndogo, na injini iliyopandishwa kompresheni haivumilii hilo. Petroli iliyokaa zaidi ya mwezi kwenye dumu lisilojaa, kwa joto la Dar es Salaam, imeshapoteza sehemu zake nyepesi na pengine imevuta unyevu. Usiitumie kutunia chenso.

Oili iwe ya tu-stroki kwa injini zinazopozwa kwa hewa, yenye alama ya JASO FD au ISO-L-EGD kwenye chupa. Katika mji wa pwani kama huu ni rahisi kuangukia oili ya mashine za boti, ile yenye alama ya TC-W3, kwa kuwa nayo imeandikwa ni ya tu-stroki. Ile ni ya injini zinazopozwa kwa maji, na silinda zake hazifiki joto la silinda ya chenso. Oili ya pikipiki ya foo-stroki ni mbaya zaidi: inaacha majivu juu ya pistoni na kugandisha ringi kwenye mifereji yake.

Kwa dumu la lita 5, mililita 100 za oili ni uwiano wa 50:1, mililita 125 ni 40:1, mililita 156 ni 32:1. Kwa chenso iliyoongezwa nguvu, hasa inayopasua mbao, sisi tunaona 40:1 au 32:1 ni busara. Lakini kumbuka kwamba oili ikiongezeka, petroli inayopita kwenye tundu lilelile la kabureta inapungua. Ukihama kutoka 50:1 kwenda 32:1 bila kutuni upya, umeipunguzia injini mafuta huku ukidhani umeilinda. Chagua uwiano mmoja, uandike kwenye dumu kwa wino usiofutika, na ubaki nao.

Mnyororo butu nao unadanganya. Ukitoa unga badala ya vipande, mkataji anaanza kuukandamiza, injini inaelemewa, na lawama inakwenda kwa kabureta. Minazi ya Kigamboni na Mbagala ina mchanga kwenye maganda ya shina, karibu na ardhi, na ganda lake la nje ni gumu. Mnyororo uliokata visiki viwili vya mnazi haufai kupimia tuni. Noa, safisha filta ya hewa, toa unga kwenye mapezi ya silinda, kisha angalia wavu wa cheche ndani ya ekzosi. Wavu ukiziba kwa masizi, chenso inazungusha vizuri ikiwa mtupu (bila mzigo) na kufa nguvu ikigusa mti. Usiutupe huo wavu. Usafishe kwa brashi ya waya. Nyasi kavu za Pugu mwezi wa Septemba zinashika moto kwa cheche moja.

Jambo la mwisho katika haya ni mahali chenso ilipotuniwa mara ya mwisho. Mashine nyingi hupanda kwenda mashamba ya misonobari ya Sao Hill, Mufindi, yaliyo kati ya mita 1,400 na 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha zinarudi pwani. Kule juu hewa ni nyepesi, kwenye sehemu za juu kabisa kwa karibu moja ya tano, hivyo fundi wa kule anafunga skrubu kidogo ili injini isilewe mafuta. Ikishuka Dar es Salaam na skrubu zilezile, inakutana na hewa nzito na inakuwa na mafuta haba kuanzia mvuto wa kwanza wa kamba. Chenso yoyote iliyotoka nyanda za juu ifunguliwe robo mzunguko kwenye skrubu ya H (ya mafuta ya mwendo wa juu) kabla hata ya kuipasha moto, kisha ituniwe upya.

Namna ya kuiweka wakati wa kuipima

Iwashe nje, si ndani ya fremu ya duka. Moshi una kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu. Baa, mnyororo na kifuniko cha klachi viwe vimefungwa. Injini ikipigwa resi bila vifaa hivyo, klachi inaweza kufunguka na kuruka. Chenso ikae chini kwenye ardhi safi, mguu wa kulia ndani ya mpini wa nyuma, breki ya mnyororo imefungwa wakati wa kuvuta kamba. Ikishawaka, fungua breki ndipo upige resi, la sivyo unachoma klachi. Vaa miwani, kinga ya masikio na suruali ya kinga: ekzosi iliyofunguliwa inapita kelele desibeli 100 bila shida, na mtu aliyeshika bisibisi kwa mkono mmoja hawezi kudhibiti chenso inayoruka. Resi ya mwisho bila mzigo isizidi sekunde mbili au tatu kila mara.

Resi inashuka polepole ukiachia

Hii ndiyo dalili tunayoiogopa kuliko zote. Ukiachia kitufe cha resi, injini inaning'inia juu sekunde moja au mbili kabla ya kurudi sailensi (mwendo wa chini bila kugusa resi). Maana yake mafuta ni haba, na mara nyingi chanzo ni hewa inayoingia mahali pasipostahili.

Kwenye chenso iliyochezewa, anza kukagua pale mkono wa mtu ulipopita. Gasketi ya chini ya silinda ikitolewa, chuma kinakaa juu ya chuma, na kinachozuia hewa ni silikoni inayovumilia joto, iliyopakwa nyembamba. Mikwaruzo ya bisibisi kwenye uso huo inatosha kuvujisha. Kisha kagua mpira unaounganisha kabureta na silinda: ukunje kwa vidole ukitafuta nyufa kwenye mikunjo, kwa kuwa ukiwa umetulia nyufa zinajifumba. Halafu mpira mwembamba unaopeleka mpigo wa injini kwenye pampu ya kabureta, halafu oili sili mbili (mipira ya kuziba) za krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Kwenye chenso za kunakili (zilizoigwa kutoka kwa kampuni zenye jina), oili sili ni kitu cha kubadilisha kabla ya kuanza kuipanua injini, hata kama inaonekana mpya.

Usitafute uvujaji kwa kupulizia petroli au dawa ya kusafisha kabureta kwenye injini inayowaka. Njia hiyo inatumika sana, na inaunguza watu. Fanya hivi: toa ekzosi, ziba mlango wake kwa kipande cha tyubu ya gari kilichobanwa na ekzosi yenyewe au bamba la chuma. Ziba upande wa kabureta vivyo hivyo. Plagi iwe imefungwa, vali ya kupunguza kompresheni imefungwa, pistoni iko juu kabisa. Pampu ya mkono yenye geji iunganishwe kwenye mpira wa mpigo, ujaze hadi bari 0.5. Kwa sekunde 20 sindano ya geji isisogee. Ikishuka, paka maji ya sabuni kila kiungo na utafute mapovu.

Wengi wanaishia hapo, na wanakosea. Midomo ya oili sili inaweza kubana vizuri ikisukumwa kutoka ndani na kufunguka ikivutwa, na injini inafanya yote mawili kila mzunguko. Kwa hiyo rudia kwa kuvuta hewa, nusu bari vilevile. Hapa kushuka kidogo kunaruhusiwa, lakini baada ya sekunde 20 geji isiwe chini ya bari 0.3. Zungusha flaiwili (gurudumu lenye sumaku kwenye krenki) taratibu wakati wa kupima. Krenki yenye mchezo kwenye beringi huvuja ikiwa upande mmoja tu.

Mpaka kipimo hiki kipite, usiguse H wala L (skrubu ya mafuta ya mwendo wa chini), ukiacha ile robo ya chenso iliyotoka nyanda za juu.

Sailensi inapanda na kushuka, au inabadilika ukiigeuza chenso

Shika chenso ikiwa sailensi, iinamishe pua chini, kisha ulaze ubavu mmoja na mwingine. Mlio ukipanda upande mmoja tu, fikiria oili sili au beringi ya upande huo. Ukipanda na kushuka hata ikiwa imetulia, angalia ndani ya kabureta: diaframu (utando mwembamba wa ndani) iliyokauka, au mkono mdogo wa sindano uliowekwa chini mno. Diaframu nzima inalegea kama ngozi laini ukiigusa kwa kidole. Iliyokufa inatoa mlio wa karatasi. Kiti cha sindano kinapimwa kwa kupampu bari 0.8 kwenye njia ya mafuta ya kabureta. Ikishuka, sindano haifungi na injini italewa mafuta kila inapopumzika.

Inajikata ukipiga resi ghafla

Sikiliza namna inavyokufa. Ikizima ghafla, safi, bila moshi, skrubu ya L ina mafuta haba: ifungue moja ya nane ya mzunguko. Ikigugumia kwanza, ikatoa moshi, ndipo ikajikusanya, L ina mafuta mengi. Kwenye chenso iliyopanuliwa milango, kusita kidogo sana ni kawaida kwa sababu hewa inasafiri taratibu zaidi ndani ya milango mikubwa kwenye mizunguko ya chini. Kusita huko usikuondoe kwa kupandisha sailensi. Ukifanya hivyo mnyororo utazunguka wenyewe.

Nguvu nzuri mtupu, inakufa ndani ya mti

Ikiwa inafanya kazi dakika chache kisha inafifia, fungua kifuniko cha tangi taratibu, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Ukisikia tangi linavuta hewa na chenso ikapona, tundu la kupumulia tangi limeziba. Kama hakuna tofauti, toa filta ya mafuta kwa ndoano ya waya. Injini iliyoongezwa nguvu inakunywa mafuta zaidi kwa dakika kuliko ya kiwandani, na filta iliyokuwa inatosha jana leo inaweza kuwa ndogo. Mpira wa mafuta ulio laini kupita kiasi nao unabanwa na mvuto na kujifunga wenyewe.

Ikiwa inafifia mara tu inapogusa mti, tena kwa mlio mzito na moshi, H ina mafuta mengi. Ikififia kwa mlio mkavu, huku silinda ikinuka rangi iliyoungua, zima palepale.

Kamba inarudisha mkono, au injini inagonga ikiwa na mzigo

Mtu akitoa gasketi ya chini, silinda inashuka karibu nusu milimita na nafasi kati ya pistoni na kichwa inapungua kwa kiasi hichohicho. Ipime. Chukua waya laini wa kulehemu wa risasi wenye unene wa milimita 1 hadi 1.5, uukunje, uuingize kwenye tundu la plagi mpaka uguse ukuta wa silinda kwenye mstari wa pini ya pistoni, kisha zungusha krenki ipite juu kabisa mara moja. Toa waya, pima ncha iliyobanwa. Pima pande zote mbili za pini, kwa sababu pistoni inaweza kuinama. Kipimo kisipungue milimita 0.5. Chini ya hapo, joto na mzunguko vikipanda, pistoni inaweza kugonga kichwa. Rudisha gasketi, au weka nyembamba zaidi.

Kompresheni ipimwe injini ikiwa baridi, resi imefunguliwa mpaka mwisho, vali ya kupunguza kompresheni imefungwa, ukivuta kamba mpaka geji iache kupanda. Chenso nzima ya kawaida huwa karibu na psi 150. Iliyoongezwa vizuri inaweza kusimama kati ya 180 na 200 kwa petroli ya kituoni. Ikivuka hapo, kila kitu kingine lazima kiwe sahihi kabisa, na kwa kazi za kila siku za hapa hatuoni sababu ya kuvuka. Chini ya 120, usitafute tuni. Tafuta ringi au silinda.

Chanzo kingine ni ufunguo wa flaiwili (kipande cha chuma kinachoizuia isihame kwenye krenki) uliopigwa tupa ili cheche iwahi. Kazi hiyo inaonekana ndogo, lakini nusu milimita kwenye ufunguo ni digrii kadhaa za krenki. Cheche ikiwahi mno, kamba inapiga vidole, pistoni inapata vidoa kama imechomwachomwa na sindano kwenye ukingo wa upande wa ekzosi, na petroli duni inaharakisha uharibifu. Weka ufunguo mzima, pima tena. Kama kugonga kumeisha, umepata jibu.

Haiwaki ikiwa ya moto

Jua la saa saba mchana juu ya chenso nyeusi linapandisha shinikizo ndani ya tangi, na petroli inajisukuma mpaka ndani ya silinda. Kagua tundu la tangi na sindano ya kabureta. Kama plagi ni kavu na hakuna cheche injini ikiwa ya moto, huku ikipoa cheche inarudi, koili (inayotengeneza cheche) ndiyo inayokufa. Tumia kifaa cha kupimia cheche kinachofungwa katikati ya waya na plagi. Kushika plagi kando ya tundu lake lililo wazi kunaweza kuwasha mvuke wa petroli unaotoka humo. Nafasi kati ya koili na sumaku ya flaiwili ni milimita 0.3, takriban unene wa kadi ya mkononi ya biashara. Kwenye chenso zinazofanya kazi karibu na bahari, piga msasa laini kutu ya sumaku kabla ya kuweka nafasi hiyo.

Sasa kutuni

Uvujaji umekwisha, petroli ni mpya, mnyororo ni mkali. Kama kabureta yako inajituni kwa umeme, zile za M-Tronic na AutoTune, haina skrubu za mchanganyiko na sehemu hii haikuhusu. Kwa nyingine zote: skrubu ya L ni ya mwendo wa chini, H ni ya mwendo wa juu, na LA au T inainua tu sailensi. Kugeuza H au L kwa mwendo wa saa kunapunguza mafuta. Kinyume chake kunaongeza.

Zifunge H na L mpaka ziguse, kwa ncha za vidole tu, maana kiti chake ni laini na kinaharibika. Rudisha L mzunguko mmoja, H mzunguko mmoja na robo, kama karatasi ya mtengenezaji haisemi vingine. Washa, fanya kazi nyepesi dakika tano hadi silinda ishike joto. Tafuta L inayotoa sailensi ya juu kuliko zote, kisha ifungue kidogo kuelekea mafuta mengi. Shusha LA mpaka mnyororo usimame kabisa. Piga resi ghafla mara tatu. Iitikie bila kujikata. Ndipo uende kwenye H.

Takometa (kipima mizunguko) ya waya inayozungushwa kwenye waya wa plagi inatosha, lakini iweke kwenye cheche moja kwa mzunguko mmoja. Ikiachwa kwenye mpangilio wa foo-stroki, itakuonyesha mara mbili ya ukweli na utafungulia mafuta hovyo ukidhani injini inapaa. Usivuke kikomo cha mtengenezaji hata kama injini inaweza. Kwa mfano Husqvarna 372 XP kikomo ni mizunguko 13,500 kwa dakika. Hesabu hiyo ni paa tu. Kwenye injini iliyopanuliwa milango, mafuta yanaweza kuwa haba hata chini ya paa hilo, kwa hiyo uamuzi unafanyika ndani ya mti.

Ingiza mnyororo kwenye gogo gumu, mwembe au mvinje, resi ya mwisho. Chini ya mzigo mlio uwe safi. Bila kuachia resi, inua chenso kidogo ili mzigo upungue: papo hapo mlio uingie kigugumizi, ule wa kukatakata wa mafuta kuzidi. Ukikandamiza tena, usafike. Kigugumizi kisipokuja kabisa, mafuta ni haba. Fungua H moja ya nane na urudie. Kisipoondoka hata chini ya mzigo, punguza kwa moja ya kumi na sita. Ukisita kati ya pointi mbili, baki kwenye ile yenye mafuta mengi. Nguvu unayoiacha hapo ni ndogo mno, na pistoni inabaki salama.

Kuna mtego mmoja ambao umeua injini za mafundi wazuri. Baadhi ya koili zina kikomo cha mizunguko: injini ikifika hapo, koili inakata cheche moja moja, na mlio wake unafanana sana na kigugumizi cha mafuta mengi. Fundi anasikia, anaridhika, na kumbe mafuta ni haba. Angalia takometa. Ikiwa kigugumizi kinakuja kwenye hesabu ileile hata baada ya kufungua H robo mzunguko, ile ni koili inayoongea. Endelea kufungua H mpaka kigugumizi kianze kwenye mizunguko ya chini ya hiyo, ndipo utuni kwa mlio.

Chenso ya kupasua mbao ituniwe tofauti na ya kuangusha. Kwenye kupasua, baa ndefu inakaa ndani ya gogo dakika nyingi kwa resi ya mwisho bila kupumzika. Fungua H moja ya nane zaidi, mizunguko ya bila mzigo ishuke 500 hadi 1,000 chini ya ile ya kuangushia. Kila pasuo likiisha, iache sailensi dakika moja kabla ya kuzima ili feni ipoze silinda. Na iliyotuniwa kwenye joto la Februari ipimwe tena asubuhi za Julai. Hewa ya baridi ni nzito kidogo na inahitaji mafuta zaidi.

Plagi inathibitisha tu. Kwa NGK BPMR7A, nafasi ni milimita 0.5. Rangi ya kahawia ni nzuri, nyeupe kavu ni hatari, nyeusi yenye unyevu ni mafuta mengi au sailensi ndefu. Rangi hiyo inabadilika kulingana na oili, kwa hiyo usiiamini peke yake.

Ekzosi na milango: makosa ya mkono

Tundu jipya la ekzosi lisizidi takriban asilimia 75 hadi 80 ya eneo la mlango wa silinda wenyewe; zaidi ya hapo unapata kelele bila nguvu. Elekeza moshi mbali na tangi, mkono na mpini wa breki. Vipande vya chuma vilivyobaki ndani ya ekzosi vinaweza kuvutwa kurudi kwenye silinda, hivyo ipulize ekzosi na kuigonga mpaka isitoe hata punje. Upana wa mlango wa ekzosi usipite asilimia 65 hadi 70 ya kipenyo cha silinda: kwa silinda ya milimita 50, ni 32.5 hadi 35. Kingo zipigwe msasa zilainike, na ncha za ringi zisipite juu ya mlango, la sivyo ringi itachomoza na kukatika.

Mnyororo unazunguka sailensi

Shusha LA. Kama haujasimama, fungua kifuniko: springi ya klachi imekatika au imelegea, au beringi ya sindano ya ngoma ya klachi imekauka na kuiburuza ngoma. Chenso hii isitumike, hata kwa tawi moja.

Imeshanoki

Soma pistoni kabla ya kununua spea. Mikwaruzo upande wa ekzosi peke yake: joto na mafuta haba. Upande wa kuingizia hewa, tena yenye rangi ya kijivu iliyosagika: vumbi limepita kwenye filta. Kuzunguka pande zote: petroli tupu, oili ilisahauliwa.

Silinda ya chenso imepakwa ndani utando mwembamba mgumu, wa kromu au wa nikeli na silikoni kabaidi. Haichongwi kama silinda ya pikipiki. Fundi wa kuchonga akiupitisha utando huo, umebaki na alumini laini. Kama ni alumini ya pistoni iliyoganda ukutani tu na utando uko salama, inatoka kwa msasa laini na subira. Kama ukucha unanasa kwenye mfereji, nunua silinda na pistoni kwa pamoja. Kabla ya kufunga vipya, rudia kipimo cha hewa cha bari 0.5, kusukuma na kuvuta, maana kilichoua pistoni ya kwanza bado kimo ndani ya mashine hiyo mpaka kionekane.